Otto Wallach: Mtu Aliyezipa Harufu Majina Yake



Safari hii tunakuletea maisha ya mkemia Mjerumani aliyefariki zaidi ya miaka 90 iliyopita. Hakuwa Mkatoliki, na jina lake halimo katika vitabu tunavyosoma kwa ajili ya mitihani ya falsafa. Kabla ya kumweleza, ni haki tuseme kwa nini tumemchagua, ingawa sababu yenyewe haitupi sifa.

Mwaka jana, katika utume wetu wa Jumamosi kwenye kigango kimoja si mbali na hapa Buswelu, tulimhukumu mtu kwa pua. Kijana mmoja wa kwaya alikuwa akifanya kazi ya ulinzi wa usiku penye mbao. Alikuwa akija mazoezini akinuka moshi wa majani. Haukuwa moshi wa sigara wala wa kuni. Mmoja wetu akanong'ona kwamba ile ni bangi, mwingine akaitikia kwa kichwa, na kabla ya mwezi kwisha neno lilikuwa limewafikia viongozi wa kwaya. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Walianza kumwangalia kwa jicho la pembeni, kisha wakampokonya nafasi ya kuongoza besi, naye akaacha kuja.

Baadaye tulikutana na mama yake kwenye jumuiya. Alitueleza kwa upole, bila kutulaumu, kwamba mwanawe huchoma kivumbasi kila usiku lindoni ili kufukuza mbu. Tulikwenda kuona. Kando ya jiko la mkaa palikuwa na fungu la majani makavu. Tuliyatia motoni machache, tukanusa. Ilikuwa harufu ileile.

Darasani tulikuwa tumeshasoma mantiki na kufaulu. Tunajua kwamba jina moja laweza kubeba vitu viwili tofauti, na kitu kimoja chaweza kuitwa kwa majina mengi. Mtihani ulipotoka kwenye karatasi ukaja na sura ya mtu, tulifeli. Ndipo mwenzetu mmoja, aliyesoma kemia kidato cha sita, akatuambia habari za Otto Wallach. Huyu ndiye aliyetumia karibu nusu ya maisha yake kutenganisha harufu zinazofanana, akikataa kukipa kitu jina kabla hajakijua.

Utoto na masomo

Otto Wallach alizaliwa tarehe 27 Machi 1847 mjini Königsberg, katika ufalme wa Prusia. Leo mji huo uko Urusi na unaitwa Kaliningrad. Sisi tunaosoma falsafa tunaufahamu kwa sababu nyingine: ndiko alikozaliwa na kufia Immanuel Kant. Baba yake Wallach alikuwa mtumishi wa serikali, wa ukoo wa Kiyahudi ulioingia Ulutheri. Kwa sababu ya kazi ya baba familia ilihamahama, ikafika Stettin, kisha Potsdam, na hapo ndipo Otto alipomaliza sekondari.

Shule aliyosoma ilikuwa ya aina ambayo waseminari wengi wangeijua upesi: lugha za kale na historia kwa wingi, sayansi kidogo. Wallach aliipenda historia ya sanaa, na mapenzi hayo hayakumtoka maisha yake yote. Kemia aliifanyia majaribio nyumbani, kwa hamu yake mwenyewe.

Mwaka 1867 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen. Huko alikuwako mzee Friedrich Wöhler, ambaye mwaka 1828 alitengeneza maabarani urea, kitu kilichojulikana kuwa hutoka mwilini mwa viumbe hai, na kwa kazi hiyo akawapa wanafalsafa wa zama zake swali gumu kuhusu mpaka kati ya uhai na vitu visivyo na uhai. Maabara ilifunguliwa saa moja asubuhi, na saa kumi na moja jioni gesi ilizimwa. Wallach aliendelea kusoma kwa mwanga wa mshumaa. Sisi ambao umeme hutukatikia wakati wa masomo ya jioni tunaweza kumwelewa. Kwa bidii hiyo alipata shahada ya udaktari mwaka 1869, baada ya mihula mitano tu, akiwa na umri wa miaka 22.

Kijana aliyeshindwa na kiwanda

Mwaka 1870 alikwenda Bonn kufanya kazi kwa August Kekulé, aliyekuwa mmoja wa wakemia mashuhuri kuliko wote wa wakati huo. Mwaka 1865 Kekulé alikuwa ametangaza kwamba molekuli ya benzeni ina atomi sita za kaboni zilizoshikana kama watu sita waliounda duara. Wallach hakukaa sana. Vita kati ya Prusia na Ufaransa ilizuka mwaka uleule, akaitwa jeshini.

Aliporudi vitani alijaribu kuishi Berlin, akaajiriwa katika kiwanda cha rangi kilichokuwa bado kipya. Mapafu yake hayakuuvumilia moshi wa kiwandani. Afya yake ilikuwa dhaifu, na kazi ile ilimshinda. Mwaka 1872 akarudi Bonn kwa Kekulé, akaanza ngazi za chini kama msaidizi wa maabara. Alikaa hapo miaka mingi, na mwaka 1876 akapewa cheo cha profesa.

Hatua iliyogeuza maisha yake hakuichagua yeye. Mwaka 1879 nafasi ya kufundisha famasia iliachwa wazi, naye akatakiwa kuijaza. Hakuwa mfamasia. Ilimbidi ajifunze kile alichotakiwa kufundisha, na katika famasia ya siku zile mafuta ya kunukia yalikuwa na nafasi kubwa: mafuta ya karafuu, ya mkaratusi, ya maganda ya limau, ya utomvu wa misonobari. Yalipatikana kwa kukeneka, yaani kuchemsha majani, maua au maganda pamoja na maji, kuupooza mvuke wake na kukusanya matone. Kila duka la dawa liliyauza, lakini hakuna aliyejua barabara yalikuwa na nini ndani yake.

Chupa ambazo hazikuguswa

Katika maabara ya Kekulé palikuwa na kabati lenye chupa za mafuta hayo. Zilikuwa zimekaa humo muda mrefu bila kuguswa. Wallach alimwomba mkuu wake ruhusa ya kuzichunguza. Kekulé alikubali kwa tabasamu la mtu asiyetegemea matokeo, akamwachia kijana ahangaike nazo kama anaweza kupata chochote.

Kejeli hiyo ilikuwa na sababu. Kekulé mwenyewe ndiye aliyekuwa amezipa dutu hizi jina la terpeni, kutokana na tapentaini, mafuta yanayokenekwa kutoka utomvu wa misonobari. Tapentaini nayo ilipata jina lake kutoka mti wa terebinti, ambao umetajwa katika Yoshua bin Sira sura ya 24, pale Hekima anapojifananisha na miti na manukato. Jina lilikuwapo, basi. Shida ilikuwa kwamba jina lilikuwa moja na vitu vilivyojificha chini yake vilikuwa vingi.

Tueleze shida hiyo polepole, kwa sababu ndiyo kiini cha maisha ya mtu huyu. Ukichukua mafuta ya ganda la limau ukayapima, dutu yake kuu ina atomi 10 za kaboni na 16 za hidrojeni. Ukipima tapentaini, utapata pia 10 na 16. Mafuta ya mimea mingine mingi yatakupa hesabu hiyohiyo. Vyote ni vimiminika visivyo na rangi, vinachemka katika joto linalokaribiana, na vinapatikana vikiwa vimechanganyika. Harufu zake zinatofautiana, lakini pua haiandiki hesabu, na pua mbili hazikubaliani.

Kwa hiyo wakemia walifanya jambo rahisi: kila mmoja aliipa dutu aliyoipata jina la mmea alikoitoa. Iliyotoka kwenye limau ikawa na jina lake, iliyotoka kwenye chungwa jina lake, iliyotoka kwenye kisibiti jina lake. Mmea mpya ukaleta jina jipya. Majina yakaongezeka mwaka hadi mwaka, na ujuzi haukuongezeka nayo. Kwa upande mwingine, vitu viwili tofauti kabisa viliweza kuitwa jina moja kwa sababu tu vilitoka kwenye chupa moja.

Njia yake

Wallach hakuvumbua chombo kipya cha ajabu. Alichukua kila kimiminika na kukikutanisha na vitu vichache vilivyojulikana vizuri, kama bromini na kloridi ya hidrojeni. Kimiminika kikishikana na bromini hugeuka kuwa fuwele, yaani chembe ngumu zenye umbo maalumu kama za chumvi au sukari. Fuwele zinaweza kusafishwa tena na tena mpaka uchafu utoke. Halafu zinapashwa moto, na kila aina huyeyuka katika joto lake yenyewe, hata urudie jaribio mara ngapi. Kimiminika kingeweza kumdanganya mtu. Fuwele safi zilikuwa shahidi asiyebadili maneno.

Makala yake ya kwanza juu ya terpeni ilitoka mwaka 1884. Matokeo yake yalikuwa kama mtu anayefungua madirisha katika chumba cha moshi. Ile dutu ya limau, ile ya chungwa na ile ya kisibiti, zilizokuwa na majina matatu, zilimpa fuwele zilezile zilizoyeyuka katika joto lilelile, kama nyuzi 104. Zilikuwa kitu kimoja, nacho kikabaki na jina la limoneni. Dutu kuu ya tapentaini ikabaki na jina la pineni, kutokana na jina la Kilatini la msonobari. Nyingine zikatengwa na kupewa nafasi zake: kamfeni, felandreni, terpineni, terpinoleni. Kufikia mwaka 1891 msitu ule wa majina ulikuwa umefyekwa, yakabaki machache ambayo kila moja lilisimama kwa kitu halisi.

Katika kazi hiyo alikuta jambo moja lililotufanya tusimame kidogo tulipolisoma. Palikuwa na dutu iliyoitwa dipenteni. Fuwele zake za bromini ziliyeyuka kwenye nyuzi 124 hivi, tofauti na zile za limoneni, kwa hiyo ilionekana kuwa kitu kingine. Wallach alionyesha kwamba dipenteni ni limoneni mbili zilizochanganywa nusu kwa nusu, moja ikiwa kama mkono wa kulia na nyingine kama mkono wa kushoto. Viganja vyako viwili vina vidole vilevile kwa mpangilio uleule, lakini huwezi kuuvaa mkono wa kushoto glovu ya kulia. Ndivyo zilivyo limoneni hizo. Ya kulia imo kwa wingi katika ganda la chungwa. Ya kushoto inapatikana katika baadhi ya misonobari. Pua hutambua tofauti, ingawa hesabu ya atomi ni ileile na mpangilio wa jirani kwa jirani ni uleule.

Mwaka 1887 aliona jambo kubwa zaidi. Terpeni zinaonekana kujengwa kwa tofali moja dogo lenye atomi tano za kaboni, linaloitwa isopreni, ambalo lilikuwa limeshapatikana mwaka 1860 kwa kukeneka mpira wa mti. Tofali mbili zinatoa limoneni au pineni. Tofali tatu zinatoa dutu nzito zaidi. Wazo hilo lilikuja kukuzwa miaka ya 1920 na Leopold Ružička, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1939.

Göttingen

Mwaka 1889 Wallach aliitwa Göttingen kuongoza taasisi ya kemia, katika kiti kilekile alichowahi kukalia Wöhler. Aliyekuwa mwanafunzi wa mshumaa sasa alikuwa mkuu wa nyumba. Ni miaka hiyohiyo ambapo serikali ya nchi yake ilikuwa ikiifanya nchi yetu kuwa koloni lake. Tunalitaja hilo kwa sababu hatutaki kuandika historia ya Ulaya kana kwamba sisi hatukuwapo.

Aliendelea na kazi ileile kwa miaka mingi, makala baada ya makala, zaidi ya 100 juu ya terpeni na jamaa zake. Mwaka 1909 alizikusanya katika kitabu kimoja kikubwa juu ya terpeni na kafuri, akakiweka wakfu kwa wanafunzi wake. Mwaka 1910 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Miongoni mwa waliosoma chini yake ni Mwingereza Norman Haworth, ambaye naye alipata Nobel mwaka 1937 kwa kazi yake juu ya wanga na vitamini C.

Hakuoa. Alikuwa na maabara yake, wanafunzi wake, na picha za sanaa alizozikusanya tangu mapenzi yake ya ujana. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wasaidizi wake sita waliuawa vitani. Ni vita ileile iliyofika hata hapa kwetu, Waingereza wakauteka mji wa Mwanza mwezi Julai 1916. Wallach alistaafu mwaka 1915. Hatujaribu kukisia alichohisi mzee asiye na watoto alipozikwa na vita sehemu kubwa ya maabara yake. Tunachojua ni kwamba baada ya kustaafu aliendelea kufanya utafiti mpaka alipofika miaka 80. Alifariki mjini Göttingen tarehe 26 Februari 1931.

Kutoka kwenye chupa zake hadi kwenye bangi

Msomaji atauliza: haya yana uhusiano gani na kijana wa kwaya? Uhusiano ni huu, kwamba harufu ya bangi, kwa sehemu kubwa, ni harufu ya terpeni. Zimo humo limoneni ya Wallach na pineni yake na terpinoleni. Zimo nyingine pia. Mirseni imo, na imo vilevile katika embe na mchaichai. Kariofileni imo, na jina lake limetokana na jina la zamani la kisayansi la mkarafuu. Wallach naye aliichunguza kariofileni, nyakati ambazo Zanzibar iliongoza dunia kwa kuzalisha karafuu, lakini muundo wake haukujulikana kwa uhakika mpaka miaka ya 1950, yeye akiwa ameshazikwa. Imo pia osimeni, na hili ndilo lililotuchoma zaidi: jina hilo limetokana na Ocimum, jina la kisayansi la jamii ya mrihani na kivumbasi. Ndiyo kusema, moja ya harufu za bangi imepewa jina la ndugu wa majani tuliyoyakuta kando ya jiko la mlinzi.

Tuongeze na hili. Ubani tunaoutia kwenye chetezo katika Misa za sherehe ni utomvu wa miti inayoota Somalia na nchi jirani, na katika aina nyingi za ubani imo pineni kwa wingi, pamoja na limoneni. Kwa hiyo dutu ileile inapanda mbele ya altare na inatoka kwenye msokoto wa bangi vichakani. Dutu yenyewe haina hatia wala utakatifu. Inanukia tu.

Kinacholevya katika bangi ni kitu kingine, kinachojulikana kwa kifupi kama THC. Kilitengwa kikiwa safi na muundo wake ukajulikana mwaka 1964, huko Israeli, na watafiti Yehiel Gaoni na Raphael Mechoulam. Kikiwa safi, karibu hakina harufu. Pua inayodhani imenusa ulevi, kwa kweli imenusa majirani zake. Na sheria yetu imelielewa hilo. Majani yanayokamatwa kwa shaka ya kuwa bangi hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa, na mahakama husubiri taarifa yake. Sisi hatukusubiri taarifa ya mtu yeyote.

Kuna pia upande wa pili wa kosa, nao tusiufiche. Katika nchi zilizoruhusu biashara ya bangi, wauzaji huandika majina haya kwenye pakiti: limoneni ya kuchangamsha, mirseni ya kutuliza, pineni ya kuamsha akili. Majina yaliyopatikana kwa jasho la maabara yamegeuzwa matangazo, na uthibitisho wa ahadi hizo bado ni mdogo. Kijana akisoma kwamba bangi ina dutu ileile iliyomo kwenye limau, asidhani amesoma kwamba bangi ni limau. THC bado imo, na akili changa bado inaumia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inaeleza wazi ubaya wa kutumia dawa za kulevya nje ya tiba halisi, na sheria ya nchi yetu inaikataza bangi. Kufanana kwa harufu hakumtii mtu hatiani, na vilevile hakukisafishi kitu chenye madhara.

Neno lililoponyoka

Kama wanafunzi wa falsafa tumefurahia jambo moja zaidi. Katika karne ya 19 wakemia waliziita dutu fulani za kunukia kwa neno linalomaanisha manukato, yaani aromatiki. Kekulé alipoeleza duara la benzeni, neno hilo likahama polepole. Leo mkemia akisema aromatiki anazungumzia aina ya duara la atomi, na hajali kama kitu kinanukia au la. Matokeo yake ni kichekesho kidogo: limoneni na pineni, zinazojaza chumba kwa harufu, hazihesabiwi kuwa aromatiki, wakati THC, ambayo karibu hainuki, ina duara hilo ndani yake, na kwa sehemu hiyo ni aromatiki. Anayefuata neno bila kuuliza linasimama kwa kitu gani ataishia kwenye jibu lililo kinyume.

Mtakatifu Thoma wa Akwino hufundisha kwamba tunavitaja vitu kadiri tunavyovijua. Tulikuwa tumelielewa fundisho hilo kama habari juu ya majina ya Mungu. Sasa tunaona kwamba lina makali hata kwenye majina ya jirani. Kama ninamjua mtu kwa harufu ya shati lake tu, jina ninalompa lina upana wa shati hilo, halizidi. Na jina la mtu si kama jina la kimiminika. Wallach alipofuta jina lisilo sahihi, limau halikuumia. Sisi tulipompa kijana jina la mvuta bangi, alipoteza kwaya, na hatujui alipoteza nini kingine.

Tuliporudi

Tulikwenda kwake nyumbani, watatu, tukaomba msamaha mbele ya mama yake. Alitusikiliza. Alisema amesamehe, lakini kwaya ataifikiria. Tuliwaeleza viongozi wa kwaya ukweli, na Jumapili iliyofuata wakautangaza kwa wenzao. Mpaka tunaandika makala hii bado hajarudi kuimba, ingawa tunamwona kwenye Misa ya kwanza, anatoka lindoni moja kwa moja, na harufu ya kivumbasi bado anayo. Hatumharakishi. Jina likishatoka mdomoni halikusanywi kwa siku moja.

Katika mwaka uleule wa 1931 aliofariki Wallach, mwezi Desemba, Papa Pius XI alimtangaza Alberto Mkuu kuwa Mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa. Alberto alikuwa mwalimu wa Thoma wa Akwino, na katika karne ya 13 aliandika juu ya mimea akitaka vitu viangaliwe kwa macho kabla ya kuaminiwa kwa masimulizi. Baadaye, mwaka 1941, aliwekwa kuwa msimamizi wa wanaochunguza elimu ya maumbile. Tunamwomba atuombee sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji, ambao siku moja tutaletewa majina ya watu mengi, yakiwa yamenong'onwa. Atuombee tuwe na subira ya yule profesa wa Bonn mbele ya chupa zilizosahaulika: tukae na kitu, tukipime, tuulize tena, ndipo tuseme.